Mgonjwa Si Ubao wa Darasani

 Najua nimewatupa. Wiki tano sijaandika chochote hapa, na baadhi yenu mmeniandikia mkiuliza kama nimeoa, nimefungwa au nimenunuliwa. Hakuna hata kimoja. Nilikuwa naishi kwenye benchi. Ni benchi la mbao lililo nje ya wodi ya wanawake katika mojawapo ya hospitali zetu kubwa za rufaa, zile zinazofundisha madaktari. Ndani alikuwa amelazwa Mama mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye ndiye aliyenilipia ada ya sekondari kwa kuuza vitumbua. Ana kisukari. Alifika pale na kidonda cha kidole cha mguu kilichoanza kama mchubuko wa kandambili.

Hospitali siitaji. Mama mkubwa mwenyewe amenikataza, anasema kadi yake ya kliniki bado iko pale na hataki kuja kuchomwa sindano kwa hasira. Nami nina sababu yangu. Nikitaja moja, nyingine zote zitashusha pumzi na kusema afadhali si sisi. Jamani, ni ninyi pia. Nimeuliza marafiki waliouguza katika mikoa minne tofauti, na wote wamenisimulia habari ile ile.

Leo sizungumzii rushwa, wala uhaba wa vitanda, wala vyoo. Hayo tumeyaandika mpaka kalamu zimechoka. Leo nazungumzia raundi.

Kwa asiyewahi kuuguza, raundi ni ile saa ambayo madaktari wanapita kitanda kwa kitanda kuwaona wagonjwa waliolazwa. Katika hospitali ya kufundishia hawaji wawili watatu. Wanakuja kama msafara wa harusi. Mbele profesa au daktari bingwa, nyuma yake madaktari wanaosomea ubingwa, nyuma yao intani, yaani wale waliomaliza miaka mitano ya chuo na wako kwenye mwaka wao wa mazoezi, na mkiani wanafunzi wenye makoti meupe yaliyonyooshwa vizuri na madaftari madogo mfukoni. Kabla hawajaingia, mhudumu anapita akipaza sauti: "Ndugu wote nje, raundi inaanza!" Basi ndugu tunatoka na vikapu vyetu vya chupa za chai. Mlango unafungwa. Sisi tunabaki tukichungulia kwenye nyavu za madirisha kama watoto waliokosa tiketi ya mpira.

Hivi mmewahi kujiuliza kwa nini tunatolewa? Saa pekee ya siku ambayo watu wote wanaojua hali ya mgonjwa wako wamesimama pamoja, na maamuzi yote yanatolewa, ndiyo saa ambayo wewe unayenunua dawa, unayemwosha na utakayemuuguza nyumbani, unatakiwa uwe nje unahesabu magari.

Sasa nawasimulia Jumanne moja tu.

Mama mkubwa alilazwa Jumapili. Jumanne ilikuwa siku ya raundi kuu, ile ya profesa. Nikiwa dirishani nilihesabu watu kumi na wanne kuzunguka kitanda chake. Kijana mmoja, umri wa mdogo wangu wa mwisho, alisoma faili kwa Kiingereza kwa kasi ya mtangazaji wa mpira. Mwingine akafunua shuka, akainua mguu, akauonyesha kwa wenzake, akaushusha. Profesa akauliza swali. Kimya. Akauliza tena kwa sauti kali. Msichana mmoja akajibu huku akiangalia viatu vyake, wengine wakacheka kidogo. Profesa akazungumza kwa muda, mkono wake ukipita hewani juu ya mguu wa Mama mkubwa kama mtu anayepima mbao. Kisha akamwambia intani kitu, intani akaandika, na msafara ukasogea kitanda cha pili.

Hakuna aliyemwamkia. Nalirudia hili kwa sababu ndugu zetu madaktari watalipita haraka. Mwanamke wa miaka sitini na saba amelala, vijana wa miaka ishirini na tatu wanafunua shuka lake, na hakuna hata mmoja aliyesema shikamoo mama. Watoto hao hao wakienda kwao likizo wanawaamkia mpaka majirani wasiowajua. Nani amewafundisha kwamba ukivaa koti jeupe mila inabaki getini?

Saa kumi jioni tukaruhusiwa kuingia. Nilimkuta Mama mkubwa amekaa kitandani, chakula hajagusa. Akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wewe umesoma. Ampyutesheni ni kitu gani?"

Nilijua maana yake. Ni kukatwa kiungo. Sikumwambia. Nikasema nitauliza. Akaniangalia, akasema, "Wamelitaja mara tatu. Na yule mkubwa wao alikuwa anapima hapa," akaweka kiganja chini ya goti.

Nikaenda meza ya manesi. Sista aliyekuwepo ameingia zamu ya jioni, kwenye raundi hakuwepo. Akafungua faili, akageuza kurasa mbili tatu, akasema mwandiko hausomeki vizuri, daktari amekwisha ondoka, nije kesho asubuhi. Kesho asubuhi ni raundi. Wakati wa raundi ndugu wako nje. Mnaona mzunguko huo?

Mama mkubwa alikesha usiku ule akijua kwamba atakatwa mguu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliniambia baadaye kwamba alilia mpaka alfajiri, na alikuwa akihesabu kwa sauti nani atauza vitumbua.

Jumatano ikapita. Raundi ilikuwa ndogo, ya intani peke yake, wagonjwa wote wa wodi kwa saa moja. Kwa Mama mkubwa alisimama kama dakika moja, akaangalia karatasi, akaondoka.

Alhamisi saa tano asubuhi simu yangu ikalia. Ni Sista. "Wewe ndiye ndugu wa bibi wa kitanda cha saba? Njoo haraka, kuna dawa ya kununua." Nilipofika nikakuta daktari bingwa amewaka. Jumanne, kwenye raundi, majibu ya usaha uliooteshwa maabara yalikuwa yametoka, na profesa alikuwa ameagiza antibayotiki ibadilishwe. Intani aliandika kwenye faili. Dawa hiyo haikuwepo duka la dawa la hospitali. Mtu alitakiwa aniambie nikanunue nje. Hakuna aliyeniambia. Sista wa zamu ya asubuhi alikuwa pembe nyingine ya wodi akigawa dawa wakati profesa anaagiza. Intani alidhani Sista ataona kwenye faili. Sista alidhani dawa imefika. Mama mkubwa, ambaye agizo lilitolewa juu ya kichwa chake, hakujua kama kuna agizo. Nami nilikuwa dirishani.

Nilivuka barabara, nikainunua kwa shilingi 46,000, nikarudi. Sikumaliza dakika ishirini. Siku mbili zilipotea kwa kazi ya dakika ishirini.

Na mguu? Jioni ile nilimbana yule intani, akakubali tunywe chai kantini. Kijana mstaarabu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikamuuliza habari ya kukatwa mguu. Akashangaa kweli kweli. "Nani kasema anakatwa mguu? Profesa alikuwa anatufundisha tu. Alituuliza mgonjwa wa kisukari akiwa na hali gani ndipo inafaa kukata mguu, na ukatwe wapi. Haikuwa habari ya bibi."

Haikuwa habari yake! Lakini ilizungumzwa juu ya mguu wake, mkono ukipima goti lake, yeye akiwa macho anasikiliza.

Hapo ndipo niliposhindwa kumaliza chai. Raundi moja, kitanda kimoja. Neno ambalo halikumhusu ndilo alilolisikia, na likamla usiku kucha. Neno lililomhusu, lile la dawa, halikumfikia yeye, wala mimi, wala Sista. Wiki iliyofuata walimkata kidole kimoja. Sisemi siku mbili zile ndizo zilizokikata. Sina elimu hiyo, na daktari bingwa aliniambia kidonda kilikuwa kibaya tangu alipofika. Ninachosema ni kwamba hakuna anayeweza kuniambia kwamba siku mbili zile hazikuwa na kazi.

Naomba nieleweke. Mimi si adui wa madaktari. Walipogoma mwaka 2012 nilikuwa upande wao, na nilitukanwa kwa ajili hiyo. Najua intani mmoja anaweza kukesha usiku na asubuhi akaingia raundi bila kunawa uso. Najua Sista mmoja anahudumia wodi nzima. Wala sisemi wanafunzi wasije vitandani. Wasipojifunza kwa Mama mkubwa watajifunza kwa nani? Tunawahitaji. Tangu mwaka 1963 shule ya udaktari ilipoanzishwa Dar es Salaam, taifa hili limetegemea vijana wanaojifunza kwa kusimama kando ya vitanda vya wananchi wake.

Lakini tukumbuke kusimama huko kulianzishwa kwa ajili gani. Mtu anayetajwa sana katika historia hii ni William Osler, daktari mzaliwa wa Kanada, aliyefundisha katika hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1889. Aliwatoa wanafunzi kwenye kumbi za mihadhara akawapeleka wodini, na alijivunia hilo kiasi cha kusema angeridhika likiandikwa hilo peke yake juu ya kaburi lake. Shabaha ilikuwa wajifunze kutoka kwa mgonjwa: wamsikilize, wamtazame, wamguse. Sisi tumechukua safari ya kwenda kitandani tukaacha mgonjwa. Tumehamisha darasa tu. Zamani ubao ulikuwa ukutani, siku hizi umelazwa chali na kufunikwa shuka.

Sasa najua majibu nitakayopewa, maana nimekwisha yasikia. Tuyapitie.

La kwanza: "Udaktari unafundishwa kwa Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, utatuambia tufanyeje?" Fundisheni kwa Kiingereza, sikatai leo. Ila mkimaliza, kabla hamjasogea kitanda cha pili, geukeni kwa mwenye mguu mzungumze lugha yake. Nchi hii mwaka 2021 ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Tulikubali kwamba si haki mtu kuhukumiwa kwa lugha asiyoielewa. Je, ni haki kuamuliwa kidole kwa lugha usiyoielewa?

La pili: "Kiswahili hakina maneno ya kitaalamu." Eti hakina! Kisukari, shinikizo la damu, kiharusi, pepopunda, kifaduro, kifafa, saratani, hayo ni maneno ya lugha gani? Ugonjwa mpya ulipotuingilia miaka ya themanini tulipata neno UKIMWI, upungufu wa kinga mwilini, na leo bibi wa kijijini analijua. Kwa Mama mkubwa hakuna neno gumu lililohitajika. "Mama, kidonda chako kina vijidudu ambavyo dawa ya kwanza haiviwezi. Tunabadilisha dawa. Hapa haipo, mwanao akainunue leo. Mguu wako hatuukati." Imekwisha. Nimepima kwa saa, haifiki sekunde ishirini.

La tatu: "Mgonjwa akijua sana ataogopa." Ndugu yangu, Mama mkubwa hakujua kitu na aliogopa mpaka alfajiri. Woga unamea pale pale ambapo hakuna maelezo. Tena msijidanganye kwamba Kiingereza kinaficha. Kwenye raundi ile ile, kitanda cha tisa, mwanafunzi alisoma faili la dada mmoja kwa sauti, na ndani yake zilikuwemo zile herufi tatu za Kiingereza zinazotaja virusi vya UKIMWI. Mama mkubwa ameishia darasa la saba, lakini herufi zile anazijua. Wodi nzima inazijua. Aliniambia yule dada aligeukia ukutani na hakugeuka tena mpaka jioni. Kwa hiyo raundi zetu zinafanya miujiza miwili kwa pigo moja: zinamficha mgonjwa mambo yake, na zinawatangazia majirani siri zake.

La nne, na ndilo zito: "Hatuna muda, wagonjwa ni wengi, sisi ni wachache." Hili nalikubali kwa heshima. Lakini muda unaokosekana ni upi? Alhamisi ile madaktari watatu na Sista walitumia karibu nusu saa kutafuta nani alikosea. Nami nilipoteza siku mbili, Mama mkubwa siku mbili, kitanda siku mbili ambazo mgonjwa mwingine angelala. Uharaka wa Jumanne tuliulipia Alhamisi, na riba juu.

Tena wapo waliopima jambo hili. Mwaka 1997 jarida la kitabibu la New England lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali hiyo hiyo ya Osler. Baadhi ya wagonjwa maelezo yao yalijadiliwa kitandani mbele yao, wengine yakajadiliwa chumba cha pembeni. Wale wa kitandani ndio waliohisi kwamba madaktari waliwapa muda zaidi. Kwa hiyo dawa si kumkimbia mgonjwa tukajifungie chumbani. Na mwaka 2012 hospitali ya Chuo Kikuu cha Kansas ilichapisha matokeo ya jambo dogo la kuchekesha: daktari alipokaa kwenye kiti badala ya kusimama, wagonjwa waliamini amekaa nao muda mrefu zaidi, ingawa saa haikuonyesha hivyo. Kiti! Tunakosa pia viti?

Mwaka huo huo wa 2012, vyama vikuu vya madaktari na wauguzi wa Uingereza viliandika pamoja mwongozo wa raundi. Mojawapo ya mambo waliyosisitiza ni kwamba muuguzi awepo kitandani daktari anapomwona mgonjwa. Wao wenye mashine za kila aina waliona kwamba bila muuguzi raundi ina kilema. Sisi Sista wetu anakuwa pembe nyingine anagawa dawa, halafu tunamfokea Alhamisi.

Najua kuna atakayesema hiyo ni Ulaya na Marekani. Haya, twende Ifakara. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha yake ya ukaguzi wa upasuaji, ile karatasi moja ya maswali ambayo timu inajibu kwa sauti kabla ya kumpasua mtu, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani. Moja ilikuwa Ifakara, Tanzania, pamoja na za London, Toronto, Seattle na kwingineko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Katika hospitali zote nane kwa jumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara mengine kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja! Na mojawapo ya mambo yaliyomo ni kila mtu katika chumba kujitambulisha jina na kazi yake. Ifakara waliweza. Kama chumba cha upasuaji kinaweza kusimama dakika moja kuulizana, kitanda cha wodi kinashindwa nini?

Basi nisiwe mlalamishi tu. Nimekaa benchi wiki tano, nimepata muda wa kufikiri, na yule intani amenisaidia. Haya hapa mapendekezo yetu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, salamu na jina. Daktari wa Uingereza, Kate Granger, alipougua saratani na kulazwa mwaka 2013 aligundua kwamba watumishi wengi waliomhudumia hawakumtajia hata majina yao, akaanzisha kampeni ya kuwakumbusha wajitambulishe. Alifariki mwaka 2016, kampeni yake ingali hai. Sisi hatuhitaji kampeni kutoka nje. Tuna shikamoo. Aanze profesa, wanafunzi watafuata.

Pili, raundi isiguse kitanda bila muuguzi wa kitanda hicho. Na yeye ndiye aanze kusema: amelalaje, amekula, anaumwa wapi, dawa zipi hazipo. Ugawaji wa dawa upangwe kabla au baada.

Tatu, ndugu mmoja aitwe mgonjwa wake anapofikiwa. Mmoja tu, na kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Asimame, asikilize, aulize, atoke. Hamtaki kundi, sawa. Lakini mtu atakayetumwa dawa asiwe dirishani.

Nne, mafunzo yenye maswali ya "ingekuwaje kama" yafanyike mbali na masikio ya mgonjwa, au aambiwe waziwazi: "Mama, sasa nawafundisha hawa, haya si yako." Sentensi hiyo moja ingemwokolea Mama mkubwa usiku mzima. Na mambo ya siri yasisomwe kwa sauti wodini kwa lugha yoyote ile.

Tano, na hili ndilo nalipenda kuliko yote: kabla ya kusogea, mwanafunzi mmoja amweleze mgonjwa kwa Kiswahili ana ugonjwa gani, leo imeamuliwa nini, na nani atafanya nini lini. Profesa asikilize na ampe alama. Hilo ndilo somo. Mtu asiyeweza kumweleza muuza vitumbua ugonjwa wake kwa maneno mepesi hajauelewa ugonjwa huo, hata kama anaweza kuutaja kwa Kilatini. Mkifanya hivyo mnafundisha na kutibu kwa pumzi moja, na makosa kama lile la dawa yetu yatajitokeza hapo hapo, maana mgonjwa atauliza, "Hiyo dawa iko wapi?"

Sita, maprofesa wetu waache kuumbua watoto wa watu mbele ya wagonjwa. Yule msichana aliyejibu akiangalia viatu vyake nilimwona mchana akilia nyuma ya jengo la maabara. Atakuwa daktari. Amejifunza nini Jumanne ile? Amejifunza kwamba mwenye cheo anauliza na mnyonge ananyamaza. Kesho akiwa bingwa atampitishia nani somo hilo? Intani wangu alikiri kwamba Jumanne alishindwa kumwuliza profesa jina la dawa mara ya pili, kwa kuogopa kuonekana mjinga. Ndiyo maana aliandika vibaya. Ndiyo maana Sista hakuweza kusoma. Woga wa intani ulishuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye kidole cha Mama mkubwa.

Wakuu wa hospitali, ukutani kwenu mmebandika mkataba wa huduma kwa mteja, umewekewa fremu na kioo. Umeandika kwamba mgonjwa ana haki ya kuelezwa ugonjwa wake na matibabu yake. Mimi nimeusoma wote, nilikuwa na wiki tano. Nawaomba msiubadilishe hata neno moja. Uteremsheni tu kutoka ukutani, mtembee nao kwenye raundi.

Na ninyi mnaouguza, msingoje wakubwa wabadilike. Mwekeeni mgonjwa wenu karatasi chini ya mto yenye maswali matatu: Naumwa nini? Leo mmeamua nini? Mimi na ndugu zangu tufanye nini? Mwambieni amshike mkono yule wa mwisho kwenye msafara, yule mwanafunzi mwenye daftari dogo, amwulize yeye. Wengi wao ni watoto wazuri. Wanangoja tu mtu awaruhusu kuwa binadamu.

Mama mkubwa yuko nyumbani sasa. Anatembea kwa kuchechemea na amekwisha anza kugombana na binti anayemkaangia vitumbua, anasema anavichoma. Nilipomwambia naandika habari hizi alifikiri kidogo, akasema: "Andika, lakini usiwatukane. Waambie tu, siku nyingine wakizungumza juu yangu, wazungumze na mimi."

Nimewaambia. Kesho tuna kliniki, tunadamka saa kumi na moja.